Jiko la Pili la Evaristo

Mwanamume asiyejua kuchemsha yai akikufundisha kupika pozole, usimshukuru. Muulize kwanza amekula wapi.

Hayo nayasema sasa. Alhamisi ile mimi nilimshukuru, tena kwa tabasamu, mwiko mkononi na aproni imejaa madoa, kama mjinga.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, siku tatu tu kabla ya Jumapili ambayo kaka yake mchumba wangu Evaristo, pamoja na mkewe, wangekuja nyumbani kuniposa, kuniomba kwa mama. Mji wetu wote wa Chilapa hula pozole ya kijani, supu nzito ya mahindi, siku ya Alhamisi, na nusu ya mtaa wetu huja kuila kwetu, maana mama yangu, doña Cutberta, ameipika miaka thelathini na hajawahi kumwomba mteja radhi kwa sufuria hata moja. Mahindi yalikuwa yameshapasuka na kuchanua ndani ya supu ya nguruwe. Mbegu za maboga zimekaangwa na kusagwa, pilipili ipo, majani mengine yote yapo. Kilichokosekana ni axoxoco, majani machachu ya mlimani. Kiangazi kilikuwa kimekausha milima, na akina mama wanaoteremka na majani yale hawakuwa wameonekana sokoni tangu Jumapili. Pozole ya kijani bila uchachu wa axoxoco ni uji wa maboga, mpe mgonjwa.

"Tutatia ndimu," mama akasema.

"Ndimu ikichemka inakuwa chungu, mama."

"Basi zidisha nyanya za kijani."

"Nimeshazidisha. Onja mwenyewe. Imekuwa mchuzi wa kuchovya."

Evaristo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Kila Alhamisi, kabla hajafungua karakana yake ya useremala, hupita kwetu kunywa kahawa. Nasema kahawa kwa heshima tu, kwa sababu kahawa yetu ni mbaya na yeye anajua. Alikuja kunitazama. Ana macho ya mtu anayepima ubao, yanakwenda polepole mpaka mwisho kisha yanarudi polepole, na mimi, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja niliyezoea kutazamwa na watu wenye njaa, nilikuwa nikijikata vidole kila Alhamisi.

"Tieni matunda machachu ya mpungate," akasema.

Mimi na mama tukageuka.

"Yale madogo, yasiyo matamu. Yachomeni kwanza motoni mpaka ganda lifanye malengelenge. Myamenye, mtoe kiini chote chenye mbegu. Halafu jani moja la mparachichi, moja tu, likaushwe kwenye kikaango mpaka linukie, ndiyo msage pamoja na mbegu za maboga."

Akamaliza kahawa, akaweka kikombe, akaniaga kwa macho, akaenda zake. Mama alibaki akiutazama mlango ule mtupu.

"Jani moja tu," akasema polepole. "Umesikia? Hakusema majani. Kasema moja tu."

Niliagiza mpungate, ukaletwa, nikachoma, nikamenya, nikasaga. Nilipoonja, nywele zilinisimama. Ilikuwa tamu. Ilikuwa na uchachu ulioingia kwa adabu, halafu nyuma yake harufu fulani ya mbali ambayo axoxoco haina. Nikafurahi, na furaha yangu ikakaa kama dakika mbili hivi.

Saa sita wateja wakajaa. Kila aliyeonja akasifu, na kila sifa ilinichoma. Don Silvino, kinyozi mstaafu ambaye ana kiti chake kwetu tangu nikiwa mtoto, aliweka kijiko chini akafumba macho.

"Otilia, mwanangu, nani kakufundisha hii?"

"Kwa nini, don Silvino?"

"Hii si ya hapa. Hii ni ya Zitlala. Nilikuwa nakwenda kunyoa kule siku za gulio. Kulikuwa na nyumba moja tu, karibu na kisima, iliyokuwa ikipika hivi axoxoco ikiadimika. Nyumba ya wanawake peke yao."

"Wanawake gani?"

"Aaa!" Akatabasamu na meno yake matatu. "Wazuri. Wazuri wote." Akarudi kwenye bakuli lake.

Mama alikuwa nyuma yangu. Huyo mwanamke ana masikio ya paka.

"Lisemwalo lipo," akaninong'oneza. "Jumanne karakana yake inafungwa. Anasema anakwenda wapi?"

"Tixtla. Kununua mbao."

"Umeziona hizo mbao?"

Sikuwa nimeziona. Wala sikumwambia mama jambo jingine ambalo nilikuwa nalo moyoni tangu wiki iliyopita: shati lake jeupe lilikuwa na kifungo kilichoshonwa kwa uzi wa kijani. Evaristo hajui kushika sindano. Mke wake, Amparo, alifariki miaka mitatu iliyopita, na shemeji yake anaishi mbali. Nilikiona kile kifungo, nikajiambia, Otilia, usianze.

"Nikuambie kitu, mwanangu," mama akaendelea, huku akikata figili bila kuitazama. "Ukikosa axoxoco unatia mpungate, na watu wanakula, wanasifu. Mjane naye akikosa mke, hutia alichokipata. Jiulize wewe kwake ni nini. Na jiulize kama wewe ndiye mpungate peke yako."

Nilitaka kumpiga kwa mwiko. Nilichokasirikia zaidi ni kwamba hakuna alichosema ambacho mimi sikuwa nimeshakifikiri.

Saa tisa, wateja walipopungua, Evaristo akaja kula bakuli lake. Nikamwekea, nikamwekea na parachichi na ngozi ya nguruwe ya kukaanga jinsi anavyopenda, kisha nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Sijawahi kukaa mbele ya mteja siku ya Alhamisi. Akajua papo hapo kuna jambo.

"Imetoka vizuri?" akauliza.

"Vizuri mno. Nani anakupikia?"

Kijiko kikasimama.

"Wewe unanipikia."

"Evaristo, mimi ni mpishi. Usinidanganye kuhusu chakula. Nidanganye kuhusu mengine yote, lakini si chakula."

"Nilisikia sokoni."

"Sokoni! Umesikia sokoni mpaka idadi ya majani? Na malengelenge ya ganda umeyasikia?"

"Kuna wanawake wanaongea..."

"Jumanne ulikuwa wapi?"

"Tixtla."

"Mbao ziko wapi?"

"Zilikuwa mbichi."

"Wiki saba mfululizo mbichi? Msitu wa Tixtla hauna jua?"

Don Silvino akacheka kwenye kona yake, kisha akajifanya anakohoa. Evaristo hakucheka. Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni, na mimi nampenda anapokuwa hivyo, na hilo lilinitia hasira zaidi. Nikanyoosha mkono nikagusa kile kifungo cha shati.

"Na hiki kakishona nani?"

Akakifunika kwa kiganja. Mtu asiye na hatia hafuniki kifungo.

"Nimeapa, Otilia. Siwezi kukuambia."

"Umemwapia nani? Huyo mwanamke?"

Macho yake yalimsaliti. Yaliruka juu ya bega langu, yakaenda moja kwa moja jikoni, mgongoni kwa mama yangu. Kisu cha mama kilikuwa kimenyamaza.

"Mama?"

"Usiniangalie mimi. Mimi nakata figili."

"Hukati chochote. Umesimama. Evaristo alikuapia nini?"

"Njia ya mwongo ni fupi," mama akasema, bado ametupa mgongo. "Muulize yeye aliyevunja kiapo."

Evaristo akasukuma bakuli pembeni. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Ni mama yake Amparo. Doña Hermelinda. Amebaki peke yake Zitlala, macho yanamwisha. Kila Jumanne nakwenda kumsagia mahindi na kumtekea maji, nakula naye, narudi. Basi. Nilipokuja kuomba ruhusa ya kukutembelea, mama yako alinitaka niape mbele ya picha ya Bikira, pale ukutani, kwamba sitakanyaga tena nyumba ile wala kuitaja mbele yako. Nikaapa. Nilikutaka wewe, ningeapa chochote. Nikakaa wiki mbili. Wiki ya tatu nikaenda."

"Nilimtaka aape kwa faida yako!" Mama akageuka, kisu mkononi, macho yamemlowa. "Unajua maana ya kuolewa juu ya mke aliyekufa? Marehemu hachomi chakula, hanuni, hazeeki. Mama yake atakulinganisha kwa kila kijiko, na yeye atakulinganisha kila usiku. Sikukuzaa uwe kiraka!"

Nilikaa pale katikati yao, na sikujua nimchukie nani kwanza. Nikiwaambia kwamba nilimwamini Evaristo, nitakuwa mwongo. Niliamini nusu. Mtu aliyedanganya wiki saba kuhusu mbao, kwa nini asidanganye kuhusu ajuza? Don Silvino alisema wanawake, wengi, wazuri.

Nikasimama, nikachukua sufuria ndogo, nikachota pozole, nikafunika na kuifunga kwa kitambaa.

"Washa gari," nikamwambia. "Nataka nimwone huyo bibi leo hii. Na nikimkuta mjukuu wa miaka ishirini na tano, narudi Chilapa kwa miguu."

"Otilia," mama akasema, "ukitoka na sufuria hiyo, Jumapili hakuna mtu wa kuombwa kwenye nyumba hii. Nitafunga mlango."

Alimaanisha. Mama yangu hatishii watu ovyo. Nikatoka.

Njiani Evaristo alitaka kunishika mkono mara moja, pale barabara inapopinda, nikahamishia sufuria kwenye goti la upande wake.

Nyumba ilikuwa karibu na kisima, kama alivyosema kinyozi. Nilipoteremka kitu cha kwanza nilichokitazama ni kamba ya nguo. Sketi tatu, zote nyeusi. Nikaingia ndani bila kukaribishwa, Mungu anisamehe, nikatazama meza. Vikombe viwili. Nikatazama ukutani: blauzi ya msichana, ya kudariziwa maua mekundu, imetundikwa kwa uangalifu, imepigwa pasi.

"Ya nani hii?"

"Ya Amparo," Evaristo akasema mlangoni.

Pazia la chumba cha ndani likasogea, akatoka bibi mfupi, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe wa mtoto wa jicho. Hakutuelekea sisi. Alielekea sufuria.

"Jani hukulikausha vya kutosha," akasema. "Nalinusa, lingali bichi. Na umechelewa."

"Nimechelewa kwa lipi?"

"Nilimpa mapishi hayo wiki tatu zilizopita. Nilimwambia, axoxoco ikikosekana kwao, awaambie hivi na hivi. Kaa chini, basi, usisimame kama askari. Nimekungoja."

Nilimtazama Evaristo. Alikuwa ameduwaa kuliko mimi.

"Ulinituma, mama?" akamuuliza.

"Nilikutuma. Mwanamume unaweza kumfunga mdomo kwa kiapo, lakini mpe mapishi, atayabeba hivyo hivyo bila kujua amebeba nini. Nikajua mpishi mwenye akili akionja atauliza yametoka wapi. Asiyeuliza, nisingekuwa na haja naye." Akakaa, akaweka mikono mapajani. "Huyu anakuja hapa kama mwizi. Anaacha gari nyuma ya kanisa. Binti, nimemzika mwanangu, sijaiba kitu cha mtu. Mimi si aibu ya mtu."

Shaka yangu yote niliyokuja nayo ilikuwa imekosa pa kukaa, na bado haikutaka kuondoka. Nikafungua kitambaa, nikamchotea bakuli, nikamwekea kijiko mkononi. Akaonja taratibu, mara tatu.

"Si kama ya Amparo," akasema.

"Mimi si Amparo."

"Nimekusikia. Amparo alikuwa anazidisha chumvi. Mungu amrehemu, alizidisha chumvi maisha yake yote na hakuna aliyethubutu kumwambia." Mdomo wake ulitetemeka kidogo, sijui kwa kicheko au kwa kitu kingine, akaendelea kula.

Hapo ndipo nilipouliza lile lililonileta. Niliuliza mbele yao wote wawili, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Bibi, huyu ananilinganisha na mwanao?"

"Mimi nitajuaje? Si huyo hapo. Muulize."

Evaristo alikuwa ameegemea mwimo wa mlango.

"Mwanzoni, ndiyo," akasema. "Kila siku. Ukicheka, najiuliza Amparo alikuwa anacheka vipi. Sitakudanganya. Halafu Jumanne moja nikiwa njiani kuja huku nikagundua kuwa wiki nzima imepita sijamfikiria hata mara moja. Wiki nzima ni wewe tu. Nikaona haya. Nikaja kumwambia mama kwamba nimemsahau mwanawe."

"Alikaa pale kizingitini akalia mpaka akakata kifungo cha shati," doña Hermelinda akasema. "Nikamshonea. Ameniambia baadaye uzi ulikuwa wa kijani. Mimi nilidhani mweupe."

Nilimtazama mwanamume wangu. Nilimtazama kama anavyonitazama yeye, polepole mpaka mwisho na kurudi. Nilimpenda vibaya sana wakati ule, mpaka kifua kikaniuma, na nilitaka kumpiga kwa zile wiki saba za mbao mbichi.

"Utanidanganya tena?" nikamuuliza.

"Kuhusu hili, hapana."

"Kuhusu lolote!"

"Kahawa yenu ni mbaya," akasema.

"Hilo tunalijua."

Bibi akamaliza bakuli, akalipapasa ndani kwa kijiko kuhakikisha.

"Jumapili nani anakwenda kumwombea?" akauliza.

"Kaka yake na shemeji."

"Shemeji!" Akaguna. "Kitoto kile! Amparo wangu aliombwa na mama yake Evaristo, mwanamke mzima, alisimama hapo na kikapu cha mkate na pombe ya mezkali akaongea saa nzima. Mama huyo akafa mwaka uliofuata. Na huyo mama yako, ninavyomsikia, atamtafuna shemeji bila chumvi."

"Mama amesema hafungui mlango. Kwa sababu nimekuja kwako."

"Kwa sababu ananiogopa."

"Anaogopa utaniangalia kwa jicho la marehemu."

"Jicho lenyewe liko wapi?" akasema, na safari hii nikajua alikuwa anacheka.

Sikupanga kusema nililosema. Lilitoka tu, kama mahindi yanavyopasuka, hujui ni dakika gani.

"Njoo wewe, bibi. Njoo uniombe wewe. Hana mama. Simama mbele ya mama yangu umwambie mwenyewe kwamba unanitaka, au umwambie hunitaka, lakini aisikie kwako, si kwa uvumi wa jikoni."

Evaristo alisogea hatua moja ndani, akasimama. Bibi alikuwa amegeuza uso kuelekea ukutani, mahali ambapo blauzi ilikuwa imetundikwa, ingawa sidhani aliweza kuiona.

"Mimi niliyemzika wangu," akasema, "niende kumwombea mume wake mke mwingine. Unajua unachoniomba?"

"Najua."

"Hujui. Omba Mungu usijue kamwe."

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimevuka mpaka, na nilijua pia kwamba akikataa sitaolewa na Evaristo. Singeweza kumchukua mtu kwa kumwacha huyu peke yake gizani na mpungate wake. Nikaanza kukusanya kijiko na bakuli. Machozi yalikuwa yakidondokea kitambaa na nikashukuru kwamba haoni.

"Unalia," akasema.

"Silii."

"Evaristo, nipe mtandio wangu mweusi. Ule mzuri."

Evaristo hakuelewa. Nami pia sikuelewa. Akauleta, bibi akajifunika kichwa, akauvuta vizuri mabegani, akasimama kwa kushika meza.

"Mama, Jumapili ni mtondo," Evaristo akasema. "Bado siku tatu."

"Jumapili ni mbali. Nikilala na jambo hili hata usiku mmoja, nitakataa. Washa gari, twende leo."